Kanda za ukumbini: jinsi ya kuzitafuta, kuzihamisha na kubadilishana

Redio Tanzania Dar es Salaam waliwarekodi wanamuziki wa dansi vizuri sana, sibishani na mtu. Ila studio ina saa yake, na wimbo ulitakiwa uishe. Kanda ninazokusanya mimi ni zile ambazo mpenzi wa bendi ya Msondo au ya Sikinde aliingia ukumbini na redio kaseti yake, akaiweka mezani katikati ya chupa, akabonyeza vitufe viwili pamoja. Humo chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, halikatwi. Wapiga magita wanaulizana na kujibizana, na anayeshika maikrofoni anataja wadau waliokaa meza za mbele.

Nimekua kaseti zikiwa zinatoka madukani, kwa hiyo mengi nimefundishwa na fundi redio mmoja wa Temeke, pamoja na wazee wenye kanda zao.

Usianzie kwa wauza muziki, maana wao wana kanda za dukani. Anzia kwa baba mdogo, mjomba, mzee wa nyumba ya tatu ambaye Jumapili hakosi redio. Kanda zipo chini ya kitanda, kwenye sanduku la nguo za zamani. Shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai, mwache asimulie. Mzee akisikia binti wa umri wangu anamtaja King Enock na saksafoni yake, mara nyingi sanduku linatoka lenyewe. Usiombe kuondoka na kanda. Omba kuihamishia pale pale barazani, na uende na mashine yako.

Kabla ya kuicheza, ishike kwenye mwanga utazame kingo za utepe. Ukiona unga mweupe ni ukungu, na hapa pwani ni kawaida. Usiichomeke kwenye mashine, kwa sababu itachafua hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) na kanda zitakazofuata. Tazama pia kile kisponji kidogo kinachokandamiza utepe kwenye hedi. Kikidondoka, sauti inafifia na kurudi. Kaseti nyingi zimefungwa kwa skrubu tano: fungua polepole, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine isiyo na thamani, funga. Zungusha kwa penseli mpaka utepe ukaze. Kanda za dakika 120 zina utepe mwembamba mno, hizo usizikimbize mbele na nyuma ovyo.

Safisha hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pembeni ya hedi pana skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi. Redio iliyorekodi mwaka 1984 hedi yake haikukaa sawasawa na ya kwako, ndiyo maana sauti inatoka kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Kanda ikiwa inacheza, izungushe skrubu hiyo kidogo kidogo, kushoto na kulia, huku ukisikiliza matoazi. Yakianza kukata vizuri, acha hapo. Weka alama ilipokuwa mwanzo ili uweze kuirudisha.

Toa waya kwenye tundu la spika za masikioni uingize kwenye kompyuta. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu la maikrofoni tu, linalopokea upande mmoja, hivyo nunua kile kifaa kidogo cha kuingizia sauti kupitia USB. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Chagua biti 24 na kilohezi 48, punguza sauti ili wimbi lisigonge juu, rekodi upande mzima bila kusimama. Upande wa dakika 45 utakula kama megabaiti 780 kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Ukiugeuza kuwa FLAC unapungua sana bila kupoteza kitu. MP3 iwe ya kusikilizia kwenye daladala, usiifanye nakala ya kuhifadhi.

Kuna redio zilizorekodi betri zikiwa zinaisha. Ukizicheza leo, nyimbo za mwisho zinakimbia na waimbaji wanakuwa na sauti za kitoto. Hilo linarekebishika, ila fanya kwenye nakala, faili la kwanza liache lilivyo.

Na tafadhali, usikate maneno! Wengi wanafuta matangazo na kelele za watu ili wabaki na wimbo. Mimi kwanza nasikiliza matangazo, kwa sababu ndiyo yanayonipa tarehe. Msondo ilibadilisha majina: ikitajwa kuwa NUTA, hujafika mwisho wa miaka ya 1970. Ikiwa Juwata, uko kati ya hapo na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo inakuja OTTU. Sikinde ilianza 1978, hivyo kanda ya Sikinde iliyoandikwa 1975 imeandikwa na mtu aliyesahau. Sauti ya mwimbaji Muhiddin Gurumo peke yake haitoshi: aliimba NUTA, akaenda Sikinde, 1985 akahamia bendi ya OSS (Orchestra Safari Sound), baadaye akarudi Msondo. Sikiliza na wenzake. Mtangazaji akisema “kesho kutwa Idi”, una kalenda mkononi.

Kila faili liandikie bendi, ukumbi, mwaka (au “labda 1982”), aliyerekodi kama anakubali kutajwa, mashine uliyotumia, na kama kanda ni mama (ile yenyewe iliyorekodi ukumbini) au ni nakala ya nakala. Hili la mwisho usilidanganye hata siku moja.

Kubadilishana kuna adabu yake. Nakala kwa nakala, hela haiingii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda watunzi na waimbaji, na baadhi yao au watoto wao tunaishi nao mitaa hii hii, kwa hiyo nikimfahamu mwenye wimbo namwomba ruhusa na kumpelekea nakala yake. Mzee aliyetoa kanda naye anapata flashi yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukituma kwa WhatsApp, tuma faili kama dokumenti, usirekodi upya kwa sauti ya simu. Anayeomba kila wiki na hatoi kitu, mpe wimbo mmoja umwache.

Kwangu Msondo zipo za kutosha, Sikinde za ukumbi wa DDC Kariakoo chache. Mwenye kanda ya bendi ya Vijana Jazz ya ukumbini, hata upande mmoja, hata yenye mkwaruzo, tuongee.