Somo: Kuitafuta historia ya nyumba ya zamani hapa Mwanza, kuanzia darini hadi mtaani

Mwangaluka, ndugu zangu. Nyumba tuliyoachiwa na bibi iko bondeni, karibu na mto Mirongo. Nilipoanza kuitafutia historia nilikwenda kwa wazee watatu na swali moja: ilijengwa mwaka gani? Mmoja akasema 1935, wa pili 1949, wa tatu "enzi za Mjerumani". Nilipoteza miezi mitatu nikiwalinganisha, kumbe swali langu ndilo lililokuwa baya. Mtu hakumbuki namba, anakumbuka tukio.

Tangu hapo nafanya hivi: natafuta kingo mbili. Ukingo wa kwanza, nyumba haiwezi kuwa ya kabla ya hapa. Wa pili, haiwezi kuwa ya baada ya hapa. Halafu nazisogeza zikaribiane.

HATUA YA 1: Anza na nyumba yenyewe

Panda darini asubuhi na tochi, bati likiwa bado halijapata moto. Upande wa chini wa bati haunyeshewi, kwa hiyo mhuri wa kiwanda hubaki. Ukikuta ALAF, bati hilo ni la 1960 au baadaye, maana kiwanda kilianza mwaka huo Dar es Salaam. Lakini tahadhari: bati linakupa umri wa paa tu. Kuta zinaweza kuwa zimeezekwa mara tatu. Kwetu upande wa jikoni ni ALAF, upande wa barazani bati ni zito na halina mhuri kabisa.

Pale pale kwenye boriti ya barazani nilikuta alama za penseli, kama namba lakini si namba zetu. Nilizipiga picha nikampelekea mzee mmoja mwenye duka mtaa wa Rwagasore. Alivaa miwani, akacheka kwa furaha: ni tarakimu za Kigujarati, vipimo vya mbao, na pembeni fundi ameandika "mlango". Hiyo haithibitishi kwamba mwenye nyumba alikuwa Mhindi. Inathibitisha kwamba seremala alijifunza hesabu kwa Kigujarati, basi.

Kwa nyumba za maduka katikati ya mji, tazama juu kabisa ya ukuta wa mbele. Wenye nyumba wengi waliandika mwaka na jina kwa saruji, na rangi zimefunika. Nenda saa kumi na moja jioni jua likiwa la ubavuni. Herufi zinatupa kivuli, unasoma kitu ambacho mchana hukioni.

HATUA YA 2: Wazee, kwa matukio

Nenda na kilo ya sukari, salimia vizuri, na usiwashe kurekodi kabla hujaruhusiwa. Kisha uliza hivi:

Saruji na bati vililetwa kwa meli au kwa treni? Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kabla ya hapo mizigo mingi ilishuka Kisumu, ambako reli ilifika 1901, ikavushwa ziwani kwa meli.

Ziwa lilipopanda, nyumba ilikuwepo? Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na watu wa pwani ya ziwa hawajasahau. Serikali ilipochukua majumba mwaka 1971, hii ilichukuliwa? Vijana walipokwenda vita vya Kagera, nani alikuwa anaishi humu?

Waulize hasa akina mama waliopanga. Wao wanajua nani alilala chumba gani, nani alizalia wapi, choo kilihamishwa lini. Jirani yetu mmoja aliniambia ziwa lilipanda mwanawe wa kwanza akiwa mgongoni, na mbele ya baraza yetu palikuwa na mwembe mkubwa. Huo ni ushahidi kuliko "1949".

HATUA YA 3: Usiliamini jina la mtaa

Rwagasore, mwana wa mfalme na waziri mkuu wa Burundi, aliuawa huko Oktoba 1961. Basi mtaa wenye jina lake ulikuwa na jina lingine kabla ya hapo, na karatasi za mkoloni zinatumia lile la zamani. Shika namba ya kiwanja na kitalu.

HATUA YA 4: Ofisini

Omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, lipia, chukua risiti. Ofisi moja iliniambia mara tatu kwamba jalada halipo. Mara ya nne nilikwenda na namba ya kiwanja ya kabla ya upimaji mpya, niliyoikuta kwenye risiti ya kodi ya bibi, na jalada likatoka siku hiyo hiyo. Kama nyumba ilichukuliwa 1971, iliingia kwa Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ulizia huko.

HATUA YA 5: Nyaraka

Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam. Kwa kipindi cha Mjerumani tafuta "Muansa", ndivyo walivyoandika. Kwa kipindi cha Mwingereza tafuta Lake Province. Picha za zamani zipo bure mtandaoni kwenye hazina ya picha za kikoloni ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, nako andika Muansa.

MASWALI

Mama wa Mabatini: Shikamoo mwalimu. Sisi tuko mlimani, hatuna hati, wazazi walijenga wenyewe. Tunaanzia wapi?

Jibu: Marahaba mama. Tafuta karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, leseni ya makazi, risiti za kodi ya jengo, bili ya kwanza ya maji. Na albamu za harusi! Watu walipiga picha mbele ya nyumba.

Kijana wa Igogo: Kaka, naweza kukwangua rangi nione za chini?

Jibu: Sehemu ndogo tu, kama kiganja, nyuma ya mlango, kwa msasa uliolowa maji. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Usikwangue ikiwa kavu.

Mjukuu wa Isamilo: Kuta zetu ni nene sana, za mawe. Wote wanasema ni ya Mjerumani.

Jibu: Mdogo wangu, mawe Mwanza yamejaa kila mahali, kila mtu aliyajengea. Wajerumani waliweka kituo hapa 1892 na Waingereza waliuteka mji Julai 1916. Ni muda mfupi. Nionyeshe karatasi au picha, si unene.

Dada wa Kitangiri: Sasa yako ilijengwa lini?

Jibu: Dada, mwaka sina bado. Saruji ilikuja kwa treni, familia ya fundi inasimulia hivyo, kwa hiyo ni 1928 au baadaye. Jaladani kuna uhamisho wa 1947, nyumba ikiwa imeshasimama. Yule mzee wa dukani alinikutanisha na familia hiyo, wakanitumia picha moja: baraza yetu, bati lile lile zito, na mwembe uliofika kifuani kwa mtoto. Nyuma haina tarehe. Natafuta mtu wa kuniambia mwembe hufika kifuani kwa mtoto baada ya miaka mingapi.