Ukikabidhiwa chekechea za kaunti nzima, anza na walimu

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Nilifundisha Ganze, Kilifi, kabla ya kuwa msimamizi, na haya namwandikia afisa mpya wa kaunti yoyote.

Usikimbilie majengo. Mwakilishi wadi atakuja akitaka darasa, maana darasa huonekana na hukatiwa utepe. Wewe anza kwa kuhesabu walimu: nani amesajiliwa na TSC, tume ya kuwaajiri na kuwasajili walimu, nani ana cheti, nani analipwa na wazazi kwa michango. Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ndiyo inayoajiri, basi ifikishie orodha hiyo kabla ya mchoro wowote. Mwalimu ambaye mshahara wake hauna tarehe huondoka katikati ya muhula, na watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hubaki mchangani bila mtu.

Halafu ishike kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, makadirio kabla ya 30 Aprili. Usipoliingiza jambo Septemba, Aprili utakuwa unabembeleza. Na uji uwe na fungu lake. Kiangazi kikikaza, uji ndio unaowaleta watoto. Ukikatika, madawati huwa matupu wiki hiyo hiyo, na hilo linaniuma kuliko paa linalovuja. Nairobi, tangu 2023, chakula hupikwa katika majiko makuu na mtoto hulipa shilingi 5. Ganze vijiji vimetawanyika mno kwa mpango huo. Kwetu inafaa sufuria pale pale shuleni, maji ya uhakika, na mama mpishi anayelipwa.

Walio chini ya miaka 4 husahaulika kabisa. Wengi hushinda mgongoni mwa dada ambaye naye angekuwa darasani. Kaa na idara ya afya: wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba zenye watoto wachanga, mlango kwa mlango. Kituo cha kulelea kiweke karibu na soko au penye vibarua, mama aweze kupita kunyonyesha.

Madarasa yafuate baada ya hapo. Kabla ya kuchagua kiwanja, itembee njia yenyewe na mtoto wa miaka 4, tena msimu wa mvua. Palipo na korongo, jenga ng'ambo zote mbili, hata kama ni vyumba vidogo. Tundu la choo lipimwe kwa mguu wa mtoto, si wa fundi.