Hesabu machipukizi kabla ya kupima RNA

Ukitaka kuona kwa macho yako kwamba hamira hainyamazishi jeni saa yoyote tu, usikimbilie mashine ya PCR, ile ya kupima RNA, yaani nakala ambayo seli hutoa inaposoma jeni. Anza na hadubini.

Tafuta hamira yenye Sir3, protini ya kunyamazisha jeni, isiyovumilia joto. Kwa nyuzi 37 Sir3 inalala na jeni ya a1, mojawapo ya jeni za jinsia a ya hamira, iliyofichwa mahali paitwapo HMR kwenye kromosomu, inasomwa. Kwa nyuzi 23 inaamka. HML, maficho ya pili, iwe imefutwa, maana mle mna jeni za alfa, jinsia nyingine, na zikisomwa pamoja na za a, seli hujiona imekwisha kuoana na haisikii tena feromoni ya alfa, kemikali ya kuitana ambayo ndiyo tutakayoisimamishia. Futa na a1 ya MAT, mahali pa jinsia pasipofichwa, usije ukapima kelele za jirani. Jeni ya BAR1 nayo iondoke: kimeng'enya chake hukatakata feromoni, na feromoni ni ghali mno kufika huku Kirumba, Mwanza.

Kuza kwa 37, tia feromoni, ngoja kama saa mbili. Tazama tone moja. Seli isiyo na chipukizi, iliyochongoka kama parachichi, imekwama G1, hatua ya kabla ya kunakili DNA. Hesabu 200. Zisipofika 180, mimi nangoja tena. Wanafunzi wangu huchoka hapa, na jaribio huharibikia hapahapa.

Sasa gawa chupa mbili, zote zipoe hadi 23. Maji ya bomba ya Mwanza mchana hayana ubaridi huo. Nanunua barafu ya wauza samaki Mwaloni na kuifunga mfukoni, beseni lisije likanuka sangara. Chupa moja ibaki na feromoni. Nyingine ioshe mara mbili, iendelee na mzunguko wa kugawanyika. Chota sampuli kila dakika 30, na kila sampuli ihesabiwe machipukizi kabla ya kupimwa RNA ya a1.

Iliyokwama itaendelea kusoma a1 ingawa Sir3 ni nzima. Iliyoachiwa itaanza kunyamaza ikishapita S, hatua ya kunakili DNA. Watafiti Miller na Nasmyth walionyesha hivyo mwaka 1984, na wengi wakadhani sababu ni kunakiliwa kwa DNA. Mwaka 2001 ikaonekana kwamba hata kipande kilichong'olewa kwenye kromosomu, kisicho na pa kuanzia kunakiliwa, hunyamazishwa, mradi seli ipite S. Kwa hiyo usimfundishe mtu kwamba ni kunakili. Wala usiishie S: ukizisimamisha seli kwa nokodazoli, dawa inayozuia kugawanyika, kabla hazijagawanyika, ukimya haujakamilika.

Jioni moja ya mvua umeme ulikatika chupa zangu mbili zikiwa bado kwenye 37, moja nimeshaitia feromoni, nyingine bado. Ukarudi usiku wa manane, zimeshapoa. Nilipima hivyohivyo kwa hasira. Ile isiyo na feromoni a1 ilikuwa imeshashuka, na chini ya hadubini imejaa machipukizi. Mwenzake, iliyopoa saa zilezile, ilikuwa parachichi tupu na a1 yake iko palepale. Weka kipimajoto ndani ya kila chupa, si ukutani mwa kabati.