SOMO: Kijana wako anataka "kulinda pwani"? Kaa naye hivi kabla hajaandika barua

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita. Siku moja alinikuta gengeni hapa Magomeni, Mtwara mjini, akaniambia, "Mjomba, nimeamua. Naingia kostigadi." Nikamuuliza kostigadi, yaani walinzi wa pwani, ya wapi. Akanionyesha simu: helikopta ya rangi ya chungwa, vijana wananing'inia kwenye kamba, maelezo yote ya Kimarekani.

Sikumcheka. Katika ukoo nimeshakaa na vijana watatu kabla yake kwa jambo hilihili. Mmoja leo ni askari, mmoja baharia, na wa tatu ana duka la vipuri vya bodaboda na akiniona anahama barabara. Huyo wa tatu sikumsaidia kuamua. Nilimwamulia, nikamkatalia. Somo hili linatokana na kosa hilo.

HATUA YA 1: Mweleze kwamba chombo cha jina hilo hatuna

Kenya wanacho Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilianza mwaka 2018, na ni cha Wakenya. Huku kwetu kazi hiyo imegawanywa. Kuna Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ, jeshi letu la ulinzi, yenye makao Kigamboni. Kuna Polisi Wanamaji. TASAC wanasimamia usalama wa vyombo, na Dar es Salaam kipo kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji baharini. Kuna askari wa hifadhi za bahari, kama ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma hapa kwetu, iliyoanzishwa mwaka 2000. Zanzibar kuna KMKM, Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, ambao ndio hasa wanaofanana na ile picha ya kwenye simu, ila ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi.

Mwambie achague mlango, aache kuchagua picha.

HATUA YA 2: Tenganisha bahari na gwanda

Hapa ndipo wazazi wengi tunapotelezea. Kijana akisema "nataka wanamaji", ndani ya neno hilo mna mambo mawili: kuna anayependa bahari, na kuna anayependa magwanda, saluti na mshahara wa mwisho wa mwezi. Yote mawili ni halali. Tatizo ni kwamba la pili halikuhakikishii la kwanza.

Ukiingia JWTZ, unaingia jeshini. Kupelekwa Wanamaji ni uamuzi wa jeshi, si wako. Unaweza kuota Kigamboni ukaamkia Monduli. Polisi ni hivyohivyo: kwanza unakuwa polisi, kisha unapangiwa. Unaweza kulinda benki Tabora miaka mitano na bahari ukaiona likizo.

Basi muulize: "Wakikupeleka Tabora, utabaki?" Usimsaidie kujibu. Akisema ndiyo bila kumeza mate, huyo anataka gwanda, mpeleke huko. Akinyamaza, mwonyeshe milango ya bahari isiyo na bunduki. Pale Mikindani kuna kampasi ya FETA ya mafunzo ya uvuvi, nauli ya daladala tu. Dar kuna DMI, Chuo cha Bahari, wanakofundisha ubaharia pamoja na zile kozi za lazima za kujiokoa, kuzima moto na huduma ya kwanza melini.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo msilisahau. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba mwezi Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na kijana Majaliwa Jackson, mvuvi, aliajiriwa huko Zimamoto baadaye. Wa kwetu wanaoujua mtumbwi tangu utotoni wasijione hawana cha kupeleka.

HATUA YA 3: Swali la mjomba

Hili ndilo lililomkalisha mpwa wangu kimya mpaka chai ikapoa. Nilimwambia: "Siku ya doria utakutana na maharamia mara ngapi? Utakutana na mtumbwi. Ndani kuna nyavu zilizokatazwa, au samaki wana dalili ya baruti. Na aliyeshika kasia ni baba mdogo wa Msanga Mkuu, aliyekununulia sare za shule. Utafanya nini?"

Watu wa bara hawaulizwi swali hili. Sisi pwani yetu ni ya ndugu. Ukimkamata, msimu mzima mama yako hapewi kitoweo. Ukimwachia, umeshauza kiapo, na siku mwenzako wa zamu akisema, kazi imekwisha. Sijui jibu zuri hapa, najua tu kwamba asiyewahi kulifikiria atalijibu vibaya usiku, kwenye boti, akiwa amechoka.

Mwambie pia kwamba mpaka wetu na Msumbiji si wa hadithi. Vita vya Cabo Delgado vilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, hapahapa mkoani, kilishambuliwa. Mama zake wamsikie akilizungumza hilo mezani, maana wao ndio watakaokesha.

HATUA YA 4: Mtie majini

Kuzaliwa pwani si kujua kuogelea. Nawajua vijana wa Shangani ambao maji yakifika kifuani wanakumbuka kwamba simu wameiacha nyumbani.

Chagua siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mikondo ina nguvu. Awe na mzoefu kando kwenye mtumbwi. Aogelee amevaa shati na suruali, kwa sababu anayeanguka baharini hapewi muda wa kuvua. Kisha, kipindi cha upepo wa kusi, omba nahodha unayemwamini amchukue kutwa moja, amevaa jaketi la kujiokolea. Akirudi kijani kwa kutapika, msimkejeli, bahari humlevya hata mzoefu. Anayerudi ametapika na anauliza safari nyingine lini, huyo mwandikie.

Macho na masikio apimwe mapema hospitali. Kuna waliogundua kwenye usaili kwamba hawatofautishi rangi fulani, na taa za vyombo usiku ni nyekundu na kijani.

HATUA YA 5: Karatasi

Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho au namba ya NIDA. Majina yafanane herufi kwa herufi. Kwetu kusini hili ni donda: mtoto kaandikishwa shule kwa jina moja, katoka jandoni na jingine, NIDA kapeleka lile la jandoni. Rekebisheni sasa, msingoje tangazo, kwa sababu tangazo likitoka siku huwa chache.

HATUA YA 6: Mlango wenyewe

JWTZ kwa kawaida hutaka aliyepitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, wengine hujitolea kwa miaka miwili wakianzia ofisi za wilaya na mkoa. JKT wenyewe husema wazi kila mwaka kwamba hawatoi ajira, kwa hiyo asiondoke akidhani keshaajiriwa. Akibahatika kuchukuliwa jeshini, ukuruta ni Kihangaiko huko mkoa wa Pwani, na jina lenyewe linakueleza. Polisi hupokea maombi kwa mfumo wao wa mtandaoni, na mafunzo ni Moshi.

Nafasi haziuzwi. Dada yangu alitoa laki tatu kwa bwana mmoja mwenye suti, "mtu wa makao makuu". Simu yake ilizimwa jioni ileile. Mtu akikuomba hela ya nafasi, TAKUKURU ni 113, bure.

HATUA YA 7: Mpe siku, halafu nyamaza

Wiki mbili zinatosha. Asiombwe jibu kila akiomba chumvi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Chuno: Wangu ni binti, ana miaka 19, anataka Polisi Wanamaji. Baba yake anasema atakosa mume. Nimjibu nini?
Jibu: Dada, wanawake wanapokelewa kote nilikotaja. Kuhusu mume, matangazo mengi hutaka mwombaji awe hajaoa wala kuolewa, kwa hiyo kwa sasa baba na serikali wanapishana: yeye anataka mume, wao wanataka asiwe naye. Mpeleke binti akaongee na askari wa kike kituoni, nusu saa tu. Na wewe ukae pembeni.

Kijana wa Msimbati: Nina tatuu ndogo begani, haionekani nikivaa shati. Itaniharibia?
Jibu: Mdogo wangu, kwenye kupimwa shati linavuliwa. Matangazo ya vyombo vyetu hukataa alama za kuchorwa mwilini. Usikimbilie kuichoma kwa pasi kama alivyofanya mtu, kovu nalo linaulizwa. Angalia milango ya ubaharia na uvuvi.

Mzee wa Tandahimba: Mama wa mjukuu wangu katokea Palma, Msumbiji, baba ni wa hapa. Mtoto kazaliwa hapa. Ni raia?
Jibu: Shikamoo mzee. Aliyezaliwa hapa na baba Mtanzania ni raia, ila sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Nendeni Uhamiaji mapema, mbebe na karatasi za baba.

Mama wa Mikindani: Mimi ni mjane, na kijana huyu ndiye mtoto wangu pekee. Akienda, nani ataangalia mikorosho?
Jibu: Dada, mwambie hilo yeye, kwa maneno hayahaya, mara moja. Asilisikie kwa jirani wala kwenye kilio. Kisha kaeni mhesabu: nani atapulizia dawa, nani ataokota, atatuma kiasi gani. Nimeona vijana wakibaki kwa huruma na mikorosho ikafa vilevile.

Baharia Mstaafu: Mbona hujatuambia mpwa wako kaishia wapi?
Jibu: Yuko FETA hapo Mikindani, mwaka wa kwanza. Swali la Tabora lilimshinda, la baba mdogo anasema bado analifikiria. Umri wa Polisi bado anao. Juzi kaja kuazima pasi usiku, nikamuuliza unapiga nini, akasema suruali tu. Sikuuliza zaidi.