Kabla hujasasisha Privoxy

Wanaochuja matangazo kwa Privoxy (programu ya proksi, yaani inayokaa kati ya kivinjari na intaneti), tafadhali msiandike kanuni zenu ndani ya default.action, faili la kanuni linalokuja na programu. Toleo jipya likiingia, faili hilo huandikwa upya na kazi yote inapotea. Ziwekeni kwenye user.action, lenyewe haliguswi.

Na kusasisha ni muhimu: toleo 3.0.33 la mwaka 2021 liliziba mianya ya usalama. Tangu 3.0.29 la 2020, proksi hii inaweza pia kuchuja yaliyomo ndani ya kurasa za HTTPS (zilizosimbwa), ila haijiwashi yenyewe. Utengeneze cheti (faili la kukifanya kivinjari kiiamini proksi), ukiingize kwenye kivinjari, kisha uwashe kanuni ya +https-inspection. Tovuti ya benki ipe -https-inspection, yaani isichunguzwe, nywila ya pesa isifunguliwe njiani. Ukimaliza, fungua http://p.p/, ukurasa wa Privoxy yenyewe, uone toleo linalofanya kazi kweli.