Acha maji yakuletee ndege

Mimi ni fundi cherehani hapa Gede, pwani ya Kenya. Kamera yangu ni Canon 700D niliyonunua ikiwa imeshatumika, na lenzi yake ni ya milimita 55 hadi 250. Nayataja haya mapema usije ukadhani nina ile lenzi nyeupe ndefu kama bomba la maji. Hizo wanazo wageni wa hoteli za Watamu. Miezi minane ya kwanza ya kupiga picha za ndege sikupata hata ndege mmoja ambaye ungeweza kuhesabu manyoya yake. Wote walitoka kama wamechorwa kwa chaki, kisha mtu akapitisha kiganja juu.

Nikakata shauri kwamba lenzi ni mbovu. Nikaipeleka Mombasa kwa fundi, ikakaa siku nne, nikatoa shilingi 4,500, naye akanirudishia akisema ameisafisha. Jumapili iliyofuata nikashuka hori la Mida, ule mkono wa bahari ulio karibu nasi, nikapiga picha 300. Ukungu uleule.

Kwa hiyo, kabla hujamlaumu mtu, pima lenzi yako kwa leso. Ianike kwenye kamba asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, uivute chini kwa vibanio isipepee. Simama hatua saba hivi, weka kamera juu ya meza, elekeza kwenye yale maandishi ya chini, kisha piga kwa kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wako usiguse kitu. Ikuze picha kwenye kioo cha kamera. Kama ukingo wa herufi umekatika vizuri na wino haujamwagika pembeni, lenzi ni nzima. Yangu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa na kasoro ni kile kioo cha kukinga lenzi nilichokipata kwa shilingi 300. Nilipokifungua, herufi zikakaa wazi zaidi. Sijakirudisha mpaka leo.

Lakini kioo kile kilichangia kidogo tu. Adui mkubwa alikuwa hewa.

Zile picha 300 nilizipiga saa tano mchana, maji yamekupwa, tope limeachwa wazi hadi mbali. Jua likichoma tope, hewa ya juu yake hupata joto na kupanda, na mwanga unaopita humo hupinda huku na huku. Ni kile kile unachokiona juu ya lami barabarani, gari la mbali likaonekana kama linaelea. Ndege akiwa mita 60 mbele yako, kati yenu kuna mita 60 za hewa inayochemka, na hakuna lenzi duniani itakayoinyoosha, hata ile nyeupe. Ukitaka kuhakikisha, washa kioo cha nyuma, kuza mara kumi, utazame miguu ya ndege. Ikicheza kama moto wa mshumaa, weka kamera chini ukale mahamri.

Dawa ya hewa ni kuipunguza, yaani kuwa karibu. Hapo nami nilikosea tena, kwa maana nilianza kuwafuata. Nilikuwa nimevua viatu, tope limefika magotini, kamera nimeinua juu ya kichwa, na kila nikisogea hatua kumi kundi lote linaruka na kutua hatua hamsini mbele. Mzee mmoja alikuwa akitengeneza wavu kando ya mikoko. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia kwa muda.

"Mwanangu, mbona wawafuata? Kaa kitako. Maji yatakuletea."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyowahi kupewa ya upigaji picha, na sikulipia. Ndege wa tope hula pale maji yalipopwa. Maji yakianza kujaa, tope linapungua na wao wanarudi nyuma wakila ukingoni mwa maji, hatua kwa hatua, mpaka wanabanwa kwenye kipande kidogo karibu na mikoko. Ukiwa umeshakaa hapo tangu mapema, hawakuoni kuwa ni mtu anayekuja. Wanakuona kama gogo lililokuwepo. Mimi nimepata kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni, mita tano kutoka kwenye goti langu.

Hesabu ya maji ni ile wavuvi wanayoijua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tuna bamvua, yaani maji makubwa, na pwani yetu siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kabisa karibu saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika 50 hivi. Ndani ya hori yanachelewa kidogo kuliko Watamu kwenyewe. Mimi sipendi siku yenyewe ya bamvua, kwa sababu ndege wanasukumwa karibu saa nane na saa tisa, jua likiwa bado kali. Napenda siku ya kwanza na ya pili baada yake. Maji yanajaa kati ya saa kumi na moja kasoro na saa kumi na mbili kasoro, hewa imetulia, na mwanga umeshakuwa wa rangi ya samli. Ukiwa upande wa barabara kuu ya Mombasa na Malindi, jua hilo linakuwa mgongoni mwako.

Fika saa tisa. Kuna lile daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ni zuri, ila linaning'inia, na mtu mmoja akitembea mwanzoni unahisi mtikiso mwishoni. Usibonyeze mpaka atulie. Mimi hupenda zaidi kukaa chini ukingoni mwa mikoko, juu ya gunia la plastiki, kamera juu ya mfuko wa choroko. Mfuko huo ni mguu wa suruali ya jinzi, kuanzia gotini kwenda chini: shona upande mmoja kwa mshono wa mara mbili, tia kilo 2 za choroko, usijaze sana ili uweze kubonyea, kisha shona upande wa pili. Lenzi inalala ndani yake kama mtoto. Mke wangu amewahi kuufumua siku ambayo duka lilifungwa.

Ukikaa chini macho yako yanalingana na ya ndege, na nyuma yake panakuwa mbali, laini, hivyo yeye anajitokeza. Ila kumbuka kwamba joto la tope ni kali zaidi hapo chini. Kwa ndege aliye mbali, kulala chini kunaharibu. Ngoja afike ndani ya mita kumi na tano.

Sasa vipimo. Kasi ya kupiga, yaani muda ambao kamera inafungua mwanga uingie: kwa ndege aliyesimama sishuki chini ya 1/500 ya sekunde, na kwa kitwitwi anayekimbiakimbia, 1/1000. Akiruka, 1/2000. Lenzi yangu ya 250 kwenye kamera hii inakuza kama ya 400, kwa hiyo hata kwa mkono mtulivu nisingethubutu chini ya 1/400. Kile kitulizaji kilichomo ndani ya lenzi kinatuliza mkono wako tu, ndege hakimtulizi. Tundu la lenzi naliweka f/8, jua likizama nalipanua hadi f/5.6. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia kamera ichague, mwisho 1600, na nikibanwa 3200. Picha yenye chenga lakini imetulia naitaka. Picha laini iliyotikisika naifuta.

Fokasi ndiyo inayowatesa wengi. Kamera hii ina nukta tisa za fokasi, na ukiziacha zote zichague zenyewe, zitachagua jani la mkoko. Tumia nukta moja ya katikati, iweke juu ya jicho. Kwa lenzi ya 250, ndege akiwa mita tano na tundu liko f/5.6, kinachotoka wazi ni sentimita 8 hivi tu kwa jumla, mbele na nyuma. Ukishika bawa la karibu, kichwa kinaweza kupotea. Chagua AI Servo ili fokasi imfuate akisogea (kwa Nikon na Sony ni AF-C), na uhamishe kazi ya fokasi kutoka kwenye kitufe cha kupigia hadi kile cha nyota, nyuma, kwenye kidole gumba. Siku mbili utaona kero. Baada ya hapo hutarudi. Piga tatu au nne kwa mfululizo, kwa kuwa ile ya kwanza mara nyingi ina mtikiso wa kidole chako.

Wapo ndege weupe: yangeyange, na yule ninayemwita mla kaa, Dromas ardeola kwa jina la vitabuni, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito kama koleo. Yeye huzaa huko Oman na pande za Ghuba, kwenye mashimo anayoyachimba mchangani, kisha anakuja kwetu. Weupe wake ukiachwa uungue, manyoya yanakuwa karatasi, na utadhani fokasi imekosea kumbe ni mwanga umezidi. Kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, punguza theluthi mbili za hatua, au hatua nzima jua likiwa kali.

Jambo moja halikuniingia mpaka mwaka wa pili, nalo ni upepo. Ndege husimama na kutua akiukabili. Kaskazi ikivuma, wote wanatazama kaskazini mashariki, na wewe uliyekaa upande wa barabara unapiga migongo na mikia alasiri nzima. Sogea ukae kaskazini kidogo mwa kundi, upate ubavu na jicho. Ndiyo maana miezi yangu ni Oktoba na Novemba, upepo ukiwa haujashika, na wale sululu na vitwitwi waliotoka Urusi wameshafika. Mei huwa nashona tu.

Usiwarushe kwa makusudi ili upate picha ya kuruka. Nimeona vijana wakipiga makofi. Maji yakiwa yamejaa ndege hawali, wanapumzika, na ifikapo Aprili wana safari ya maelfu ya kilomita inayohitaji mafuta yote waliyonayo mwilini. Halafu picha yenyewe huwa ni ya mikia.

Jioni usichague picha kwa kutazama kioo kizima, maana humo kila kitu kinaonekana kizuri. Kuza mpaka jicho lijaze kioo. Kama kinukta cheupe cha jua ndani ya jicho kina ukingo, bakisha. Kama kimetandaa, futa bila huruma. Jumapili iliyopita nilipiga 214, nikabaki na 6, na moja ni ya mla kaa akiwa na kaa mdomoni, mguu mmoja wa kaa ukining'inia na tone la maji kwenye ncha.

Kabla ya kulala, futa kamera na lenzi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kwa sababu chumvi ya hori haionekani lakini inakula. Chaji betri. Kesho maji yanajaa dakika 50 baadaye.