Jinsi ya kutafuta asili ya jina la ukoo la Kiitalia lililotokana na kazi, na kupima uadimu wake: mfano wa Marangon

Majina mengi ya ukoo ya Italia yalianza kama jina la kazi. Ferrari ni mhunzi, Molinari ni msaga nafaka, Sartori ni mshona nguo, Barbieri ni kinyozi. Hayo hayasumbui. Kazi ipo pale jina linapotokana na neno la lahaja ambalo hata Mwitalia wa mkoa wa pili halijui. Marangon ni la aina hiyo, na ndilo tutakalolifuatilia hapa. Njia ni hii hii kwa jina lolote lingine, liwe la mkwe wako, la mteja aliyekuletea cheti cha kutafsiri, au la familia yenye asili ya Kiitalia kule Malindi.

Uwe na vitu viwili kabla hujaanza: jina kama lilivyoandikwa kwenye hati ya zamani kuliko zote ulizonazo, na jina la manispaa (comune) alikozaliwa mwenye jina. Italia ina manispaa karibu 7,900, na kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo hutunzwa na kila manispaa kivyake. Ukijua jimbo tu, mathalani Veneto, bado hujafika popote.

Hatua ya 1: Orodhesha maumbo yote ya jina

Kazi moja huzaa majina tofauti kufuatana na lahaja. Mhunzi ni Favaro huko Veneto, Ferrero Piemonte, Ferrari Emilia na Lombardia, Fabbri Toscana, Ferraro kusini. Juu ya hapo kuna vipunguzi, yaani maumbo ya udogo: Favaro limezaa Favaretto.

Miisho ndiyo inayokuonyesha pa kuelekea. Watu wa Veneto hudondosha irabu ya mwisho baada ya n, l na r, ndiyo maana kuna Trevisan, Furlan na Marangon. Mwisho wa -i ni wa wingi, na umeenea Lombardia, Emilia na Toscana: Marangoni. Mwanafizikia Carlo Marangoni, ambaye jina lake limebaki kwenye maelezo ya jinsi mvinyo unavyopanda na kutiririka kama machozi kwenye kuta za glasi, alizaliwa Pavia, Lombardia, mwaka 1840. Umbo la jina lake linaafikiana na mahali alipotoka. La tatu, Marangone, ni neno lenyewe bila kukatwa.

Andika hayo matatu kwenye jedwali, kila moja na safu yake. Usiongeze jina kwa sababu tu linafanana masikioni. Jina linaingia kwenye kundi pale unapoweza kueleza ni kanuni gani ya lahaja iliyolibadilisha.

Hatua ya 2: Tafuta maana kwenye lahaja, usitegemee Kiitalia sanifu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Seremala kwa Kiitalia cha leo ni falegname. Ukifungua kamusi ya kawaida kutafuta marangone, mara nyingi utakutana na ndege: mnandi, yule mweusi anayezama majini kuvua samaki. Mwenye haraka huandika "jina la ndege" na kufunga daftari.

Fungua kamusi ya Kivenezia ya karne ya 19 (zipo kwenye intaneti bure, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa) na utaona marangon ni seremala. Maelezo yanayokubaliwa zaidi yanaunganisha maana hizo mbili. Neno linatokana na Kilatini mergus, ndege mzamiaji. Kutoka kwa ndege likahamia kwa mtu anayezama chini ya chombo kukagua na kutengeneza mbao zilizo majini, kisha kwa fundi wa vyombo kwa jumla, na mwishowe kwa seremala yeyote, hata asiyewahi kulowa mguu.

Venezia maseremala walikuwa wengi mno hivi kwamba chama chao kiligawanyika kwa ufundi. Marangoni da case walifanya kazi za nyumba. Da noghera walitengeneza samani za mbao za mjozi, da soaze fremu za picha, da rimessi kazi ya kubandika mbao nyembamba za urembo. Waunda meli walikuwa kwenye Arsenale, karakana kuu ya dola. Kengele kubwa kuliko zote katika mnara wa San Marco inaitwa Marangona kwa sababu yao, kwani ndiyo iliyotangaza kuanza na kumalizika kwa siku ya kazi. Mnara ulipoporomoka tarehe 14 Julai 1902, kengele hiyo peke yake ndiyo iliyosalimika kati ya tano.

Sasa linganisha na majimbo mengine, maana ulinganisho huu ndio utakaokueleza uadimu baadaye. Liguria seremala alikuwa bancalaro, na jina lake la ukoo ni Bancalari. Campania kuna Carpentieri. Abruzzo kuna Mastrodascia, yaani mastro d'ascia, ambaye msomaji wa pwani atamtambua mara moja: ni fundi wa tezo, anayechonga mbao za chombo. Na kuna Calafato, jina linalopatikana Sicilia, ambalo mtu wa Lamu au Zanzibar hahitaji kamusi kulielewa. Ni mtia kalafati, anayeziba nafasi kati ya mbao za chombo. Neno lilizunguka bandari za Waarabu na za Mediterania, na sisi tukalipata kupitia Kiarabu.

Hatua ya 3: Weka jina kwenye ramani

Zipo tovuti za Kiitalia zinazoonyesha mgawanyo wa majina ya ukoo kwa manispaa. Ingiza kila umbo peke yake, kisha nakili idadi kwa kila mkoa (provincia) kwenye jedwali lako.

Jua namba hizo zimetoka wapi. Nyingi zimejengwa juu ya vitabu vya simu za mezani, kwa hiyo kinachohesabiwa ni laini iliyosajiliwa, si mtu. Nyumba ya watu sita wenye laini moja ni namba 1. Mke wa Kiitalia hubaki na jina lake la kuzaliwa kwenye hati zote za serikali, na kama laini iko kwa jina la mume, jina lake yeye halihesabiwi. Waliohamia simu za mkononi pia hawamo. Usichukue namba hiyo ukaizidisha mara tatu ili "kupata watu"; itumie kulinganisha mahali na mahali tu.

Marangon hujikusanya Veneto, hasa nyanda za chini kati ya Padova, Venezia na Rovigo. Marangoni limetapakaa zaidi: Lombardia, Emilia, Toscana, pamoja na Veneto yenyewe. Ukiona umbo moja limejaa sehemu ndogo na jingine limesambaa, usidhani ni familia moja iliyotawanyika. Jina la kazi huzaliwa mara nyingi, kila mji ukimpa seremala wake jina bila kujua mji wa jirani umefanya hivyohivyo. Watu wawili wenye jina Marangoni, mmoja wa Milano na mmoja wa Firenze, huenda hawana udugu wowote.

Hatua ya 4: Pima uadimu kwa vipimo viwili

Kipimo cha kwanza ni jumla ya nchi nzima. Cha pili ni msongamano: gawanya laini za jina hilo katika manispaa kwa laini zote za manispaa hiyo. Tuseme jina lina laini 40 nchi nzima, na 30 zipo kwenye kijiji chenye laini 600. Kitaifa ni adimu sana. Kijijini pale ni 1 kati ya 20, yaani hupiti mtaa bila kukutana nalo. Kumwambia mtu wa kijiji hicho kwamba jina lake ni adimu bila kutaja kipimo ni kumpotosha.

Marangon linafuata mkondo huo: mtu wa Padova halioni kuwa la ajabu, mtu wa Bari huenda hajawahi kulisikia. Mastrodascia ni adimu zaidi. Ferrari liko miongoni mwa machache yanayoongoza nchi nzima.

Sababu haziko kwenye idadi ya mafundi. Maseremala walikuwa wengi kuliko wahunzi katika miji kadhaa, hata hivyo jina la mhunzi ndilo lililotapakaa. La kwanza ni upana wa neno: neno lililotumika nusu ya nchi huzaa majina kila mahali, neno la ghuba moja hubaki ghubani. La pili ni kwamba jina la utani hushika pale linapotofautisha. Kijiji chenye mhunzi mmoja humwita Mhunzi, na kila mtu anajua ni nani. La tatu ni kukatika kwa nasaba. Jina lilirithishwa kwa upande wa baba, kwa hiyo koo ndogo yenye mabinti watupu hupotea hata kama damu inaendelea. Tauni ya 1630 na 1631 iliua takriban watu 46,000 kati ya 140,000 wa jiji la Venezia. Jina lililokuwa na nyumba tatu kabla ya hapo lingeweza kufutika kwa mwaka mmoja.

Angalia pia Brazil. Watu wa Veneto walihamia Rio Grande do Sul kwa wingi kuanzia 1875, na jina linaloonekana linafifia nyumbani linaweza kuwa limestawi kule.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa hati

Mpaka hapa una dhana tu. Ingia Antenati, tovuti ya serikali yenye picha za madaftari ya hifadhi za nyaraka, bila malipo. Chagua hifadhi ya mkoa, kisha aina ya daftari. Kwa Veneto zingatia miaka: madaftari ya kiraia ya enzi ya Napoleon ni 1806 hadi 1815. Baada ya hapo, chini ya Austria, waliotunza kumbukumbu ni mapadri. Daftari la manispaa linaanza tena 1871. Kwa hiyo kama unatafuta kizazi cha 1840 Padova na huoni kitu, haina maana kwamba hakuna, andikia parokia. Kusini hali ni tofauti kabisa: bara kumbukumbu za kiraia zinaanza 1809, Sicilia 1820. Nyuma ya hapo ni vitabu vya ubatizo na ndoa vilivyoagizwa na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563.

Anza na faharasa iliyo mwishoni mwa kila daftari, ila tazama kwanza imepangwaje. Za zamani nyingine zimepangwa kwa jina la ubatizo, na ukienda moja kwa moja herufi M utatoka mikono mitupu huku Antonio Marangon yupo kwenye A.

Mwandiko nao una mitego. Herufi n na u za karne ya 19 hazitofautiani, hivyo kwenye orodha zilizochapwa upya na watu wa kujitolea Marangon huweza kusomwa Maraugon au Marangou. Tafuta na makosa hayo pia.

Sasa fikia swali lenyewe: kwenye hati hii, marangon ni kazi au ni jina? Kwenye Kilatini cha mthibitishaji wa hati (notaio) wa karne ya 14, muundo kama *Petrus marangonus quondam Iohannis* unamaanisha Petro, seremala, mwana wa marehemu Yohana. Herufi kubwa au ndogo usiiamini, waandishi hawakuwa na utaratibu. Ushahidi unapatikana pale neno hilo linapokaa kwa mtu mwenye kazi nyingine: *Marangon Antonio, villico*. Villico ni mkulima. Seremala hayupo tena hapo, jina ndilo limebaki. Tafuta vizazi vitatu mfululizo vyenye jina hilo na kazi angalau mbili tofauti, ndipo useme jina lilikuwa limeganda. Kwa kupanga vizazi, kumbuka neno dogo kabla ya jina la baba: *di Giovanni* ina maana baba yu hai, *fu Giovanni* ina maana ameshafariki. Neno hilo moja hukupa kikomo cha tarehe ya kifo bila kupekua daftari la vifo.

Ukikuta *detto* likifuatwa na neno, hilo ni jina la utani. Chioggia, ambako koo za Boscolo na Tiozzo ni kubwa mno, majina hayo ya utani yaliingia hadi kwenye hati rasmi. Liandike kwenye safu yake; huenda ndilo litakalokuwa jina la ukoo kizazi kinachofuata.

Hatua ya 6: Ondoa asili za uongo

Jina la kazi halithibitishi kazi ya babu unayemjua. Mchoraji Paolo Veronese, aliyezaliwa Verona mwaka 1528, alikuwa mtoto wa mchonga mawe na mwanzoni aliitwa Spezapreda, mvunja mawe. Baadaye alichukua jina Caliari, lililotoka upande wa mama, ambalo kwa asili ni la washona viatu. Anayesoma jina bila hati atamweka kwenye kibanda cha viatu.

Watoto waliookotwa walipewa majina na watumishi wa kituo au wa serikali. Ukiona kwenye hati ya kuzaliwa kwamba wazazi hawajulikani, simama hapo. Jina halina historia nyuma ya siku hiyo, hata likiwa na maana nzuri ya kazi.

Mtego wa mwisho uko Trieste, Gorizia, Istria na Trentino. Sheria ya 1926, iliyopanuliwa 1927, iligeuza majina ya Kislavoni na Kijerumani yawe ya Kiitalia, mengine kwa kubadilisha mwisho, mengine kwa kutafsiriwa. Kwa familia za huko, tafuta hati ya kabla ya 1926 kabla hujaandika chochote kuhusu asili.

Kadi ya matokeo iandikwe hivi: umbo la jina, neno la lahaja na maana yake, mikoa yenye msongamano na aina ya chanzo cha namba, hati ya kwanza yenye jina likiwa limeganda, pamoja na mwaka na manispaa, na mstari wa mwisho wa mambo uliyokisia tu, ukiwa umetengwa na yaliyothibitishwa.